Ngazi ya Thelathini na Tisa

Baba, leo asubuhi tumekuteremsha
kwa ngazi ulizochimba mwenyewe kwa sururu,
maji ya mvua ya usiku bado yanachuruzika juu yake,
wanaume sita mabegani, mmoja wao miguu peku,
nami mbele, nikihesabu kwa sauti
kama ulivyonifundisha nilipokuwa na miaka saba:
usiangalie bondeni, angalia mguu.

Sitasema ulikuwa shujaa. Hukulipenda neno hilo.
Waliokuita Ajida uliwaitikia,
waliokuuliza habari za vita
uliwauliza kama wamekula.
Miaka ishirini na sita ya jeshi
ulirudi nayo Kadutu ndani ya sanduku moja la bati:
blanketi, kijiko, buti namba arobaini na tatu,
na mazoea ya kulala umeelekea mlangoni.

Pensheni ilikuja ilipotaka.
Miezi mitano kimya, halafu tetesi: wanalipa.
Ukavaa shati la mikono mirefu,
ukapanga foleni tangu saa kumi alfajiri,
na kutoka Nyawera hadi kwetu, mwendo wa nusu saa,
ulitumia saa nne.
Ada ya mtoto wa mjane Nabintu.
Deni la fundi cherehani, ambalo halikukuhusu.
Mzazi aliyezuiliwa hospitali na kichanga chake
kwa kukosa bei ya kitanda.
Ukafika na chumvi, mishumaa miwili,
na sambaza wa kujaza kikombe kimoja.
Mama alivipanga mezani, akavitazama.
"Ajida, umelisha mtaa. Sasa mtaa utatulisha sisi?"
Ukacheka. Yeye hakucheka.
Hilo nalo nataka likumbukwe:
hakucheka, na haki ilikuwa yake,
na jioni ile ulimenya viazi bila kuambiwa,
umekaa kwenye kibao cha jikoni, magoti karibu na masikio,
mpaka aliposema, "Unamenya vibaya, nusu ya kiazi unatupa,"
nasi watoto tukajua amani imerudi.

Mteremko huu ulimchukua mtoto wa Namegabe
mwezi wa Aprili, na ndoo yake ya maji.
Baada ya matanga hukuitisha mkutano,
hukupitisha daftari la mchango.
Uliazima sururu.
Kila asubuhi ngazi moja, jiwe kwa jiwe,
wapita njia wakikuuliza serikali imekulipa ngapi.
Ngazi sitini na moja.
Ile ya thelathini na tisa uliichimba na malaria kichwani;
ikatoka ndefu kuliko wenzake,
mji mzima umejikwaa hapo, hata padri.
Tulikuomba uirekebishe.
"Iacheni. Angalau pale hakuna atakayelala akitembea."

Jana usiku Zihindula alifika kutoka Nzibira,
machimboni, ulikomtuma na buti zako
miaka miwili iliyopita: "Utazirudisha ukipata zako."
Hakuwahi kupata zake.
Alizibeba mkononi, zimeoshwa, zimepakwa mafuta,
akaziweka mbele ya Mama, akajitolea kubeba,
peku, maana si adabu, alisema,
kumzika mtu ukiwa umevaa viatu vyake.

Kwenye ngazi ya kumi aliteleza.
Mama, aliyekuwa hajasema neno tangu Jumanne,
akasimamisha msafara wote, jeneza, kwaya, wanajeshi wazee
na kofia zao zilizopauka:
"Vaa buti, mwanangu. Utamwangusha."
Akavaa. Tukamsubiri afunge kamba.

Thelathini na saba. Thelathini na nane.
Hapo sauti ikanikatika, Baba,
nikageuka kuwaonya kwa mkono.
Hawakunitazama.
Miguu sita ilishuka pamoja, polepole,
chini zaidi ya kawaida,
na hukuyumba.

Zilibaki ishirini na mbili.
Nikameza mate, nikaendelea kuhesabu.